Sura ya Saba: Kiti cha Kocha Msaidizi

Kanuni za FIBA, shirikisho la dunia la mpira wa kikapu, zinaruhusu mtu mmoja tu wa benchi kubaki amesimama mchezo unapoendelea: kocha mkuu au kocha msaidizi wa kwanza, si wote wawili kwa wakati mmoja. Hao wawili tu ndio wenye haki ya kuomba taimu auti. Kocha mkuu akiugua ghafla, au akitolewa kwa faulo za kiufundi, msaidizi wa kwanza anaichukua timu palepale, bila kikao na bila barua. Kanuni, basi, zimeshamtambua kocha msaidizi. Waliobaki nyuma ni vyuo vyetu, ambavyo bado vinamwona kama kijana wa kubeba mipira.

Sura hii inafuata njia ya mtu huyo kuanzia chini kabisa: kocha msaidizi wa kikapu katika chuo kidogo jijini Arusha. Nimemchagua kwa sababu ninaamini hakuna darasa bora la ukocha kuliko benchi la chuo kidogo, na kwa sababu darasa hilo tunaliacha lijiendeshe lenyewe, wanafunzi wake wakiishia njiani.

Mahali anapoanzia

Jijini Arusha, Levolosi ni kata ya mjini kabisa. Soko la Kilombero liko hapo, na Uwanja wa Sheikh Amri Abeid hauko mbali kwa miguu. Katika mitaa hii na ya jirani, Kaloleni na Ngarenaro, vijana wengi wanaosoma vyuo vya Arusha wamepanga vyumba. Wapo wa Chuo cha Ufundi Arusha, kilichoanzishwa mwaka 1978, na wa Chuo cha Uhasibu kule Njiro. Wapo pia wa vyuo vya kati vya utalii, afya na biashara, ambavyo vingine vimo ndani ya jengo la ghorofa lisilo na hata nafasi ya kusimika goli moja. Chuo cha namna hiyo kikitaka kuwa na timu, lazima kiazime uwanja wa wengine na kugombea saa na shule, klabu na vijana wa mtaa.

Anayekuwa kocha msaidizi hapo kwa kawaida hakuomba kazi. Alikuwa nahodha akamaliza stashahada, akabaki mjini akitafuta ajira, na jioni akaendelea kufika uwanjani. Au goti lilimtupa nje ya mchezo akiwa mwaka wa pili, kocha akamkabidhi filimbi. Au alikuwa waziri wa michezo katika serikali ya wanafunzi, akazoea kufuatilia fomu na nauli, ikaonekana kwamba bila yeye timu haisafiri. Siku moja wachezaji wa mwaka wa kwanza wanamwita "ticha", naye anageuka kuitika. Uteuzi wake ni huo. Hakuna tangazo la nafasi, hakuna usaili, na mara nyingi hakuna karatasi yoyote yenye jina lake.

Goli la pili

Mazoezi huanza vipindi vinapokwisha, kama saa kumi alasiri. Ikifika saa kumi na mbili na nusu giza linaanza kuingia, na viwanja vya wazi visivyo na taa vinafungwa na jua. Kwa hiyo timu ina saa mbili tu, ukitoa nusu saa ya wanaochelewa daladala. Ina wachezaji kumi na wanane, mipira minne au mitano, na magoli mawili.

Hesabu hiyo ndiyo inayozaa ukocha. Kocha mkuu anachukua goli moja na wale kumi watakaocheza. Msaidizi anapewa goli la pili na waliobaki: msichana aliyegusa mpira wa kikapu kwa mara ya kwanza wiki iliyopita, kijana mrefu ambaye kila mtu alimlazimisha aje kwa sababu ya urefu wake, na mchezaji wa soka ambaye bado anatamani kuupiga mpira teke. Anayeanza kazi huona kwamba ametupiwa mabaki. Ukweli ni kwamba amepewa watu ambao maendeleo yao yataonekana waziwazi kuwa ni kazi ya mikono yake. Mchezaji aliyeiva huweza kumficha mwalimu asiyejua kufundisha. Anayejifunza hatua mbili za leiapu hamfichi mtu.

Tusidharau goli hilo la pili. Hasheem Thabeet, mzaliwa wa Dar es Salaam, alianza kucheza kikapu akiwa na umri wa miaka kama 15. Mwaka 2009, akitokea Chuo Kikuu cha Connecticut, alichaguliwa wa pili katika uteuzi wa wachezaji wapya wa NBA, na Memphis Grizzlies, akawa Mtanzania wa kwanza kuingia ligi hiyo. Katika mchezo huu anayechelewa kuanza hajapotea, mradi jioni zake za mwanzo apate mtu mwenye subira ya kumrudishia pasi ileile mara mia.

Kuna jambo jingine linalomkomaza msaidizi wa chuo cha kati kuliko wenzake wa klabu. Mwanafunzi wa astashahada na stashahada hukaa chuoni miaka miwili au mitatu tu. Katikati ya muda huo anatoka kwenda fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, pengine mkoa mwingine, na anaporudi mitihani inamsubiri. Timu unayoijenga leo haitakuwepo mwakani. Kocha wa klabu anaweza kuishi na mlinzi mmoja miaka minane. Wa chuo kidogo anafundisha msingi upya kila mwaka, kwa watu wapya. Baada ya miaka mitatu ameshafundisha hatua ya ulinzi kwa makundi matatu tofauti, na ameshajua maneno gani yanaeleweka na yapi yanawapita watu kichwani. Uzoefu huo haununuliwi.

Penseli na daftari

Siku ya mechi kazi yake huanza mapema. Kwa kanuni za FIBA, orodha ya wachezaji na makocha lazima imfikie mwandishi wa mezani angalau dakika 40 kabla ya mchezo kuanza. Kwenye michezo ya vyuo huongezeka vitambulisho vya wanafunzi na uthibitisho wa usajili. Kitambulisho kimoja kilichosahaulika chumbani Levolosi kinaweza kuiondolea timu mchezaji wake bora, na wa kuulizwa atakuwa msaidizi.

Mpira ukirushwa, yeye ndiye kumbukumbu ya benchi. Mchezaji mwenye faulo tano anatoka. Timu ikifikisha faulo nne katika robo moja, kuanzia ya tano mpinzani anakwenda kwenye mitupo huru. Taimu auti ni mbili kipindi cha kwanza na tatu kipindi cha pili, lakini katika dakika mbili za mwisho za robo ya nne huwezi kutumia zaidi ya mbili. Kocha mkuu, akili yake ikiwa kwenye mchezo, hawezi kuyashika yote hayo.

"Kocha, namba nane ana nne."

"Mtoe. Nani yuko tayari?"

Swali hilo la pili ndilo linalopima msaidizi. Akijibu kwa jina na sababu, amekwisha kuwa kocha. Akibabaika, bado ni mtazamaji mwenye filimbi shingoni.

Hapa ndipo daftari linapokuwa chombo cha maisha yake. Mwaka 2004 Mmarekani Dean Oliver alichapisha kitabu kilichobadilisha namna ya kuusoma mchezo huu. Alionyesha kwamba ushindi unaelezwa kwa kiasi kikubwa na mambo manne: ubora wa mitupo, mipira inayopotezwa, rebaundi, na mitupo huru. Kuyahesabu hakuhitaji kompyuta wala umeme. Safu nne kwenye daftari la mistari, mstari mmoja kwa kila mchezaji, na mtu asiyeondoa macho uwanjani vinatosha. Msaidizi akimwambia kocha wakati wa mapumziko, "Tumepoteza mipira kumi na minne, na tisa kati ya hiyo imetoka kwa pasi za katikati," ameleta kitu ambacho kelele zote za benchi haziwezi kuleta.

Na daftari hilo lina faida ya pili. Msaidizi asiye na barua ya ajira anahitaji ushahidi kwamba alifanya kazi. Misimu mitatu ya takwimu zilizoandikwa kwa mkono, pamoja na mipango ya mazoezi yenye tarehe, inasema mengi kuliko sifa anazojimwagia mtu kwenye wasifu. Nawasihi vijana wote wanaoanza: andikeni, na msitupe.

Waliopita mabenchi haya

Wapo watakaosema chuo kidogo ni mahali pa kupotezea ujana. Historia ya mchezo wenyewe inakataa. James Naismith alikibuni kikapu mwaka 1891 akiwa mwalimu katika chuo kidogo cha Springfield, Massachusetts, kilichokuwa kikiandaa viongozi wa YMCA.

Gregg Popovich alikuwa kocha msaidizi katika chuo cha jeshi la anga la Marekani kabla ya kwenda, mwaka 1979, kuongoza timu ya Pomona-Pitzer huko California, vyuo viwili vidogo vyenye timu moja, katika daraja ambalo haliruhusu kumpa mchezaji ufadhili kwa sababu ya mchezo. Msimu wake wa kwanza alishinda mechi 2 akapoteza 22. Mwaka 1986 timu hiyo ilitwaa ubingwa wa kanda yake kwa mara ya kwanza baada ya miaka 68. Kisha akafanya jambo ambalo wengi wangeona ni kushuka: aliacha timu yake kwa msimu mmoja akaenda kukaa benchi la Chuo Kikuu cha Kansas kama msaidizi wa kujitolea, ili ajifunze kwa kocha Larry Brown. Mwaka 1988 Brown akamchukua kuwa msaidizi wake San Antonio Spurs. Popovich baadaye aliiongoza Spurs kutwaa mataji matano ya NBA.

Brad Stevens aliacha ajira katika kampuni ya dawa mwaka 2000 akaanza kujitolea Chuo Kikuu cha Butler. Mwaka 2007 akawa kocha mkuu, akakifikisha chuo hicho fainali ya taifa mwaka 2010 na tena 2011. Erik Spoelstra aliingia Miami Heat mwaka 1995 kwenye chumba cha video, akikata na kupanga picha za mechi ili makocha wengine wazitazame. Mwaka 2008 alikabidhiwa timu, na mwaka 2012 na 2013 akatwaa ubingwa wa NBA.

Siwataji watu hawa ili kijana wa Levolosi aote NBA. Nawataja kwa sababu njia zao zinafanana katika jambo moja: kila mmoja alikubali kwanza kazi ndogo yenye mengi ya kujifunza, na karibu naye alikuwepo mtu mzima aliyemfundisha kwa makusudi. Jambo la kwanza vijana wetu wanalo tele. La pili ndilo adimu.

Riziki

Sasa tuzungumze pesa, maana hapa ndipo wengi wanapoachia njia. Msaidizi wa chuo kidogo mara nyingi hupata nauli, jezi, na posho ya siku za mashindano ikiwepo. Kodi ya chumba hailipiki kwa jezi. Lazima awe na kazi nyingine, na kuichagua kazi hiyo ni sehemu ya ukocha wake.

Arusha ajira inayowavuta vijana haraka ni utalii. Lakini kalenda yake inagongana na uwanja pande zote mbili. Wageni hujaa kuanzia Juni hadi Oktoba na tena kuanzia mwishoni mwa mwaka. Anayepanda Meru au anayepeleka wageni mbugani haonekani mazoezini wiki nzima. Wageni wanapopungua, Aprili na Mei, masika yamefika, na uwanja wa saruji uliolowa huvunja vifundo vya miguu. Anapokuwa na nafasi, uwanja hauna.

Kazi zinazokaa vizuri na ukocha ni chache. Ya kwanza ni ualimu, hasa kwa aliyesomea elimu ya viungo na michezo. Ya pili ni uafisa michezo katika halmashauri. Ya tatu ni kufundisha kwa saa, alasiri, katika shule binafsi na za kimataifa, ambako malipo ni ya mkataba na vifaa vipo. Ya nne ni majeshi: JKT, Magereza na Polisi wana desturi ndefu ya kulea timu za michezo. Anayetaka kudumu aangalie mapema mlango upi kati ya hiyo uko karibu naye, badala ya kusubiri chuo kimkumbuke.

Ngazi za vyeti

Kikapu kina ngazi zinazojulikana. FIBA, kupitia chama cha makocha wa dunia, WABC, hutoa leseni za ngazi tatu, na njia ya kuzifikia kwetu hupitia TBF, Shirikisho la Mpira wa Kikapu Tanzania. Kwa anayetaka masomo ya muda mrefu, kipo Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya, wilayani Kwimba, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hufundisha elimu ya viungo na sayansi ya michezo. Nje ya nchi, Chuo Kikuu cha Leipzig nchini Ujerumani kina kozi ya kimataifa ya makocha iliyoanza mwaka 1964, na mfuko wa Mshikamano wa Olimpiki husaidia mafunzo ya makocha kupitia kamati za Olimpiki za nchi.

Ngazi ya mashindano nayo ipo. UMISSETA ni ya sekondari. SHIMIVUTA hukutanisha vyuo vya elimu ya juu, na TUSA vyuo vikuu. Juu yake kuna timu za mikoa katika Taifa Cup, ligi za mikoa, na ligi ya taifa. Na tangu mwaka 2021 Afrika ina BAL, ligi ya klabu za bara hili, iliyoanzia Kigali. Kwa hiyo msaidizi wa Arusha hana sababu ya kubaki palepale. Mechi za chuo zikiisha, aombe kukaa benchi la timu ya mkoa, hata kwa kazi ya takwimu tu. Atakutana na makocha wengine, na katika mchezo huu nafasi nyingi hupatikana kwa kocha mmoja kumtaja mwenzake kwa jina.

Liz Mills wa Australia ni mfano ulio karibu nasi. Mwaka 2011 alianza kufundisha klabu ya wanaume nchini Zambia, kisha akapita mabenchi kadhaa ya Afrika, mengine akiwa msaidizi. Februari 2021, jijini Yaoundé, aliiongoza Kenya kuifunga Angola 74 kwa 73, mpira wa mwisho ukitoka mkononi mwa Tylor Ongwae, na Kenya ikarudi AfroBasket, mashindano ya mataifa ya Afrika, kwa mara ya kwanza tangu 1993. Mashindano yenyewe yalipofika Kigali mwaka huohuo, alikuwa mwanamke wa kwanza kuongoza timu ya wanaume katika AfroBasket. Ilimchukua miaka kumi ya kukubali benchi lolote lililokuwa wazi na kujifunza humo.

Mfano wake uwafikie wasichana wa vyuo vyetu. Timu ya wanawake ya chuo kidogo mara nyingi haina kocha wake. Hufundishwa na yeyote aliyebakiwa na muda. Msaidizi, awe mwanamke au mwanamume, aiombe timu hiyo kwa heshima na kwa nia ya kweli. Humo atakuwa kocha mkuu miaka mitano kabla ya wenzake, na wachezaji hao watapata kwa mara ya kwanza mtu anayewapangia mazoezi ya kwao.

Mipaka

Heshima ya kuitwa kocha ina masharti. Kocha msaidizi wa chuo hulingana umri na wachezaji wake, au huwazidi miaka mitatu tu. Jana walikuwa wakikaa bweni moja. Leo anaamua nani aanze na nani akae. Nafasi hiyo ni mamlaka, na mamlaka juu ya vijana ni amana. Hakuna mapenzi na mchezaji, hakuna kumkopa fedha, na hakuna mazoezi ya faragha na mtu mmoja nyuma ya milango iliyofungwa. Fedha ya nauli ya timu iandikwe na isomwe mbele ya wachezaji. Kocha anayeshika hayo tangu mwaka wa kwanza hujenga jina ambalo mzazi wa Ngarenaro atalitaja mbele ya mzazi mwenzake, na jina hilo litamfikisha mahali ambapo leseni peke yake haimfikishi.

Deni la chuo

Nimesema mengi kuhusu wajibu wa kijana. Ulio mzito zaidi ni wa chuo. Chuo kinapokwenda kwenye mashindano kinavaa jina lake kifuani mwa wachezaji. Kombe likirudi, mkuu wa chuo hupiga nalo picha. Kinachodaiwa kwa upande wake hakihitaji jengo wala mfadhili.

Kwanza, barua ya uteuzi ya mwaka mmoja, yenye orodha ya majukumu na saini ya mshauri wa wanafunzi. Pili, posho ndogo iliyoandikwa kwenye bajeti ya michezo na kulipwa kwa tarehe, badala ya kutegemea huruma ya siku hiyo. Tatu, ada ya kozi moja ya ukocha kila mwaka. Nne, kocha mkuu apewe jukumu rasmi la kumfundisha msaidizi wake: ampe robo moja ya mchezo wa kirafiki aiongoze peke yake, kisha wakae chini wajadili alichoamua na kwa nini.

Chuo kitakachofanya hivyo kwa miaka mitatu kitakuwa na kocha kijana mwenye leseni, mwenye kumbukumbu za misimu mitatu, na aliyewahi kuiongoza timu akiwa bado na mtu wa kumsahihisha. Akiondoka kwenda timu ya mkoa, kilichomlea kitakuwa kimetimiza kazi ya chuo, ambayo ni kufundisha watu kazi. Ukocha ni mojawapo ya kazi hizo, na umefika wakati uandikwe kwenye barua, kwenye bajeti na kwenye ratiba kama kazi nyingine zote.